Jina Lililofunikwa na Kidole

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegeshwa ukutani kwa duka la vipuri, hatua kama mia mbili hivi kutoka geti la chuo. Siku ya mahafali ukikaa pale unaona kila kitu: wahitimu wanapita wameshika kofia kwa mkono zisipeperuke, majoho yanaburuta vumbi, na nyuma yao wazazi wamevaa viatu vipya vinavyowabana lakini hawasemi. Jumamosi hiyo tulikuwa wanne kama kawaida. Mimi, fundi baiskeli. Volteji, fundi umeme ambaye bado halijazaliwa jambo asilolijua. Dada wa Kahawa na birika lake. Na Spika, mzee wetu mstaafu. Miaka ishirini na sita alikuwa karani pale chuoni, na ndiye aliyekuwa akisoma majina ya wahitimu kwenye kipaza sauti. Jina la Spika alilipatia hapo.

Volteji ndiye aliyeanza, akasema ile kofia ni bapa juu kwa sababu wasomi wa zamani walikuwa wanakula wakiwa wamesimama, sahani ikikaa kichwani. Nikamuuliza mtu anakulaje chakula kilicho juu ya kichwa chake mwenyewe. Akasema unakula cha mwenzako. Mimi nikaona nisipitwe, nikasema kile kishada kinachoning'inia ni cha kufukuzia nzi, maana hotuba huwa ndefu na kupunga mikono mbele ya mkuu wa chuo ni utovu wa adabu. Dada wa Kahawa alitusikiliza huku anasuuza vikombe, kisha akasema yeye anavyoona, joho limefanywa pana ili aliyekosa suti asijulikane.

Hilo lilikuwa na akili. Volteji hapendi jambo la akili likitoka kwa mwingine, kwa hiyo akapanda ngazi nyingine.

— Nyinyi mnahangaika na nguo. Kazi iko kwenye jina. Shahada ni kama laini ya simu, unaweza kuwa nayo mfukoni, lakini kama haijasajiliwa haipigi. Mpaka jina lako lisomwe mbele za watu na mkuu wa chuo aseme amekutunuku. Jina lisiposomwa, una karatasi tu.

Nilitegemea Spika acheke. Yeye ndiye huwa anamrudisha Volteji duniani. Badala yake aliweka kikombe chini, kahawa ikiwa nusu, akabaki anaangalia mikono yake.

— Kuna mtu mmoja sikumsoma, akasema.

Akatusimulia taratibu. Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya mahafali, alikuwa akichukua orodha na kuwafuata wanafunzi mmoja mmoja kuwauliza jina linatamkwaje, kisha anaweka alama ya penseli mahali pa kukazia. Hakutaka mzazi asafiri mwendo wote ule aje asikie jina la mwanawe limevunjwa. Siku hiyo ukumbi ulikuwa na joto na viganja vilimtoka jasho. Alikuwa ameshika karatasi kwa chini, na kidole gumba kikafunika mstari wa mwisho. Akafungua ukurasa uliofuata akaendelea.

Binti mwenye jina lile alikuwa tayari chini ya ngazi, zamu yake imefika. Aliyemfuata akaitwa, akampita. Binti akasubiri, akidhani watarekebisha. Mwishowe mhudumu wa ukumbi akamshika mkono akamrudisha kwenye kiti. Spika alimwona kwa pembe ya jicho, akafikiri ameugua.

Jioni, alipokuwa anahakiki orodha ofisini, akaukuta mstari mmoja hauna ile alama ya vema anayoiweka kila akishasoma jina. Angeweza kwenda kwa msajili asubuhi akasema. Hakwenda. Aliogopa kunyang'anywa kipaza sauti, kitu pekee katika kazi ile kilichomfanya ajione mtu. Akachukua kalamu akaiweka alama. Baada ya mwezi binti alikuja kuchukua cheti dirishani, kama wanavyofanya wasiohudhuria. Spika ndiye aliyempa daftari asaini. Alisaini, hakuinua macho. Naye Spika hakusema neno.

— Sasa ana duka la dawa kule nyuma ya soko, akamalizia. Dawa zangu za presha nanunua kwake, kila mwezi. Nafika pale nikiwa nimejipanga niseme, natoka na vidonge.

Volteji alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeshika waya usio na ganda. Alijaribu kusema lile la laini ya simu lilikuwa utani tu, na kwamba cheti ni cheti. Mimi nikasema miaka kumi na moja ni mingi, pengine binti mwenyewe alishasahau. Maneno ya kuzibia pengo tu, hata mimi nilijua.

Wakati huo alikuwa amesimama karibu yetu nesi mmoja, mgeni mtaani, aliyehamia mwezi huo huo. Alikuwa anamalizia kahawa yake akisubiri usafiri wa kumpeleka zamu. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, baba, akamwambia Spika. Siku hiyo yule binti alikuja na nani ukumbini?

Miaka yote Spika alikuwa amemfikiria binti, akajifikiria na yeye mwenyewe. Viti vya nyuma, walikokaa wazazi, hakuwahi kuvifikiria hata mara moja.

Nesi akaondoka. Dada wa Kahawa alimwaga machicha, akafunika makaa, akajifunga kanga vizuri.

— Mzee wangu, inuka. Twende tukamuulize.

Duka la dawa lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya kioo na feni iliyokuwa inapiga kelele. Mwenye duka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anakata vidonge kwa mkasi. Spika alivua kofia. Alieleza yote kwa sauti ya chini: kidole, orodha, alama ya vema. Hakujitetea. Tulisimama nyuma yake kama ndugu wa mshtakiwa.

Yule mwanamke aliweka mkasi chini.

— Nilikujua tangu siku ya kwanza ulipokuja, mzee. Kwa sauti. Nilikuwa nasubiri nione kama utasema.

Spika akamuuliza alikuja na nani siku ile. Akasema alikuja na mama yake. Mama alikuwa mpishi wa shule, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba ruhusa kazini. Alifika ukumbini kabla milango haijafunguliwa akakaa kiti cha mbele kwenye sehemu ya wazazi. Alisikia majina yote, isipokuwa hilo alilolifuata. Njiani kurudi hakuuliza kitu. Alipoonyeshwa cheti alisema kizuri, akakiweka kabatini chini ya mashuka. Miaka miwili baadaye shangazi ndiye aliyetoboa siri: mama anaamini kwamba binti yake alifeli, akakodi joho ili kumwondolea mzazi aibu, na cheti akakitafuta anakojua mwenyewe.

— Mpaka leo akisikia kuna ukaguzi wa maduka ya dawa ananipigia simu kuuliza kama niko salama. Nimemweleza mara ngapi. Ananiambia, sawa mwanangu. Hiyo sawa yake ndiyo inayoniumiza.

Spika aliegemea kaunta. Aliomba kitu kimoja tu, apewe simu aongee na mama.

Ikapigwa, ikawekwa juu ya kioo, sauti kubwa. Spika alisalimia, akajitambulisha, akaeleza. Akasema jina lilikuwepo kwenye orodha, aliliona kwa macho yake jioni ile, na kosa aliloficha lilikuwa lake, si la binti. Kisha akaomba msamaha. Upande wa pili mfuniko wa sufuria ulisikika ukiwekwa mahali.

— Wewe ndiye yule mwenye sauti nene? mama akauliza mwishowe.

— Ni mimi, mama.

— Basi lisome.

Spika alinyoosha mgongo. Akayasoma majina yote matatu, moja moja, akikazia panapokaziwa, kisha shahada ya famasia, kisha daraja alilopata. Alisoma kama ukumbi mzima uko mbele yake. Mteja aliyekuwa anaingia alisimama mlangoni. Volteji alikuwa anaangalia dari. Mwenye duka alifunika uso kwa viganja viwili.

Tulisikia mama akivuta pumzi, mara moja, mara ya pili.

— Utalisoma tena, akasema. Lakini ngoja kwanza, usikate. Namwita jirani.