Bi Zulia Anaondoka, Fomu Inabaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mnasihi wetu mwandamizi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika kitengo cha unasihi. Angeweza kukaa miaka mitatu zaidi, hakutaka. Mkuu wa kitengo ameniomba niandike maneno machache ya furaha kwa ajili ya jarida letu. Machache nitajitahidi. Ya furaha siahidi.

Alipoajiriwa, kitengo kilikuwa chumba kimoja na kabati lisilofungika. Mwongozo tunaoutumia mpaka leo aliuandika yeye, na wengi wetu alitufundisha kazi yeye, mimi nikiwamo. Ukichelewa dakika tano ulikuta ameshaanza, wala hakukuuliza ulikuwa wapi.

Jina la Bi Zulia alilipata miaka ya karibuni, aliponunua zulia la chumba namba nne ili anayesumbuliwa na kiti akae chini. Akaichomoa na taa ya darini iliyokuwa ikivuma, akaleta ya mezani kutoka kwake. Aliandikiwa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya ofisi. Aliibandika ukutani, kando ya kalenda.

Sasa nizungumzie fomu. Kila anayekuja kwetu hujaziwa fomu ya maendeleo. Je, ametulia kitini? Mikono yake imetulia? Amemtazama mnasihi machoni? Akifikisha alama ishirini, faili linafungwa na tunaandika kwamba amefanikiwa. Fomu hiyo aliitunga Bi Zulia mwenyewe enzi za ujana wake, na ndiyo iliyompandisha cheo.

Miaka mitano iliyopita alirudi dada mmoja mwenye usonji, ambaye Bi Zulia alimfundisha utotoni mpaka akapata alama zote. Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na anajitegemea. Hakuja kushukuru. Alisema, "Ulinifundisha kuonekana kama wengine. Kila nikirudi kutoka kazini najifungia bafuni mpaka mwili uache kutetemeka."

Bi Zulia alinisimulia hayo tukiwa kwenye jiko letu dogo la ofisi, ameshika kikombe kitupu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Hata yeye kutazamana na watu machoni kunamuumiza, tangu mdogo, na miaka yote hiyo alikuwa akiwafundisha watoto wa watu mateso yake mwenyewe.

Akaanza kupigania fomu iondolewe. Alitaka tuache kuwanyoosha watu wenye usonji, tuwaulize kinachowaumiza na kinachowapa nafuu. Aliandika mara mbili, akapigwa danadana. Mara ya tatu suala likaletwa kikaoni. Mkuu akasema bila fomu hatutakuwa na cha kuwaonyesha wakaguzi. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, wanane tukitaka ibaki na yeye peke yake akikataa. Mkono wangu ulikuwa juu. Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo, sina sababu nyingine ya kutoa.

Tangu siku ile hakututazama tena machoni. Wenzangu walidhani amesusa, kumbe alikuwa amechoka kujilazimisha.

Jumatatu anafungua unasihi wake binafsi katika chumba cha mbele nyumbani kwa dada yake. Dada mtu analalamika kwamba wageni wake sasa wanakaa jikoni, lakini mapazia kayashona yeye. Huko hakuna fomu. Mtu ataingia na vizibo masikioni, atazunguka chumba, ataandika badala ya kusema, na hakuna atakayemwona ana kasoro.

Ila wateja wake kumi na wanne hawaruhusiwi kumfuata kwa miaka miwili. Kanuni ndivyo zinavyosema, na ombi lake la kulegezewa lilikataliwa. Faili zao nimekabidhiwa mimi. Juzi aliniletea mwenyewe, na katika kila moja ameweka karatasi ya mwandiko wake: huyu usimguse bega, huyu akicheka usidhani amefurahi, huyu mpe muda. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Mmoja wao, fundi saa wa makamo, alisimama mlangoni kwangu jana akauliza kama nitamruhusu asiniangalie. Nilimwambia tutaona. Aliondoka bila kuaga.

Bi Zulia, asante kwa kunifundisha kazi, na asante zaidi kwa kuniambia ulipokosea. Wenzangu watakuandikia mema yao kwenye kadi. Mimi nakuombea afya, utulivu na chumba kisichokosa watu. Na hao kumi na wanne, miaka miwili ikiisha, wakija kwako wametulia tuli kitini huku wanakutazama machoni, usiwaulize nani kawafundisha. Ni mimi.