Nyanya Yangu Aliimba Sauti ya Tatu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na sisi tunaomsifu tukiwa na hasira.

Mimi nimeokoka, na uvumilivu wangu uliniishia kanisani. Ilikuwa katikati ya ibada. Mchungaji alimpa nyanya yangu maikrofoni akamwambia, "Mama, waambie ile ya wazungu na magari." Nyanya akajibu polepole, "Hiyo mimi siijui, mwanangu." Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka, akasema shetani bado amemfunga mama ulimi, akaanza kuisimulia mwenyewe. Alipofika pale pa kusema kwamba Josefina, rafiki ya nyanya, alikufa kwa sababu ya ukahaba, niliinuka nikaenda mbele nikamnyang'anya maikrofoni. Nikasema, "Huo ni uongo. Najua ni uongo kwa sababu niliuanzisha mimi."

Sasa nisikilizeni nilivyofungwa.

Nilikuja Birmingham kufanya kazi ya kutunza wazee, mtoto mkononi. Baba yake alibaki Nairobi na maneno yake matamu. Kanisa ndilo lililonipa watu. Lilinitafutia chumba mtaa wa Acocks Green, na Mama Esta, mwenyekiti wa akina mama, akawa anakaa na Neema wangu nikiwa kwenye shifti. Kwa hiyo mjomba wangu alipofariki, na nyanya aliyekuwa akiishi naye Hodge Hill, mtaa mwingine wa hapa hapa Birmingham, akahamia kwangu, nilitaka apokelewe vizuri.

Kwetu mgeni hapewi ushirika mpaka asimame atoe ushuhuda. Nyanya alisimama akasema, "Nimezaa saba, nimezika watatu, na Mungu hajaniacha." Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Baadaye Mama Esta akanivuta kando. "Dada, huo si ushuhuda, hayo ni maisha tu. Bwana amemtoa kwenye dhambi gani?"

Hapo ndipo nilipokosea, ndugu zangu. Nikakumbuka mambo ya kuimba.

Miaka ya sitini nyanya alikuwa na kikundi cha wasichana wanne pale Kaloleni, Nairobi. Waliimba muziki wa soul wa Wamarekani weusi, bila gita, sauti tupu. Karani mmoja jirani alikuwa na santuri, nao walisimama nje ya dirisha lake mpaka waushike wimbo. Mazoezi waliyafanyia kwenye bafu za jumuiya, kwa sababu saruji ilirudisha sauti vizuri. Magauni yao yalishonwa kwa kitambaa cha mapazia. Josefina alishika sauti ya kwanza, nyanya ya tatu, na kabla ya noti ya juu Josefina alikuwa akimfinya nyanya mkono, kama mtu anayetaka kuruka mtaro. Waliimba kwenye ukumbi wa mtaa, na saa moja jioni baba yake nyanya alikuwa mlangoni ameshika saa. Ndiyo dhambi yote hiyo. Josefina alifariki akijifungua mtoto wake wa kwanza, mke wa mtu, kwa ndoa ya kanisani. Kikundi kikaisha.

Mimi nikachukua karatasi nikaandika kwamba nyanya na rafiki yake Josefina waliimba kwenye vilabu vya pombe, na kwamba pombe iliwatawala. Nyanya akaisoma ile karatasi, akavua miwani. "Hii pombe ni ya nani?"

"Soma tu, Nyanya, wakupokee."

Jumapili akaisoma kanisani. Kwa ajili yangu. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Tangu siku hiyo, kila tukipata wageni, nyanya anaitwa mbele, na kila akiitwa ushuhuda umenenepa. Mwaka huu ana bangi, mwaka ujao ana wazungu wenye magari. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikipiga makofi, kwa sababu Mama Esta ndiye aliyekuwa na mtoto wangu siku sita kwa juma. Nani angekaa naye nikifungua mdomo?

Halafu Mama Esta na wenzake wakaweka video yake mtandaoni. Aliyenionyesha ni mwenye duka la viungo kule Sparkbrook, Msomali aliyekulia Nairobi, si hata mtu wa kanisa. "Dada, huyu si nyanya yako, yule shosho anayenunua iliki kwangu? Waambie watoe hii kitu. Hata kwetu mzee hafanyiwi hivi." Chini ya uso wa nyanya yangu waliandika: Kahaba wa vilabu aokolewa.

Nyanya alikuwa na kawaida ya kuimba akikaanga vitunguu. Aliimba sauti ya tatu peke yake, kwa hiyo wimbo ulikuwa na mashimo. Angenyamaza mahali, akatikisa kichwa, akaendelea. Nilikuja kuelewa kwamba mle kwenye mashimo anawasikiliza wenzake. Baada ya ile video aliacha. Neema, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, aliniuliza kama kuimba ni tabia mbaya.

Basi ndugu zangu, nilifunguliwa siku ile nilipoishika maikrofoni. Sikuona mwanga. Nilipoteza mlezi wa mtoto kabla ya sala ya mwisho, na shemasi akaniambia nimemgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Kwenye kituo cha basi nyanya alinitazama akasema, "Umechelewa." Sikustahili neno jingine. Lakini uongo ule umenitoka kooni, na kwa hilo namshukuru Mungu. Kama na wewe umevikwa dhambi isiyo yako ili ibada inoge, mtumaini yeye anayejua ulikokuwa kweli, kisha uandike barua. Yangu niliipeleka Jumatatu kwa mkono wangu:

Kwa Wadhamini wa Kanisa.

KUH: MALALAMIKO RASMI

Naomba video ya nyanya yangu iondolewe. Naomba mbele ya ibada isemwe kwamba hakuwa mlevi wala kahaba, na kwamba Josefina alikufa akiwa mke na mama. Naomba asiitwe tena mbele, ila akitaka mwenyewe kuimba.

Ninaowalalamikia ni watatu. Mchungaji, kwa kuongeza. Mama Esta, kwa kutangaza. Na mimi mjukuu wake, niliyeandika ukurasa wa kwanza.