Ketaki wa Safu ya Tatu

"Wanagombana, mara wanacheza mlimani! Ngoma inapigwa na nani huko?" alilalamika mzee mwenye kofia nyeupe, kwenye treni ya kwenda Dadar. Alikuwa ametoka sinema, kutazama filamu yake ya kwanza maishani. Alikwenda kumwona bintiye Ketaki, mcheza ngoma wa safu ya tatu katika filamu hiyo, na hakumwona. "Taa zikawaka, nikatoka."

"Baba, hayo yalikuwa mapumziko tu!" alisema mama mwenye kapu la maua. "Ngoma yenye wachezaji wengi iko nusu ya pili."

Mzee alimsogelea. "Jioni ataniuliza, 'Baba, umenionaje?' Hebu niambie, walivaa rangi gani?"

"Sikwambii! Rudi ukamtazame mwanao."

"Nianze tena na wale wa mlimani?"

Treni ilisimama Dadar. Alishuka akinung'unika, akauliza treni ya kurudi inapita upande gani.