Mzee Taratibu, Mashauzi na Barua ya Mbavu

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi saba ya kazi, mtunza mbwa wa Banda Namba Tatu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wengi wetu hata jina lake la kwenye kitambulisho hatulijui. Tunamwita Mzee Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza analompa kila anayesogelea banda lake: taratibu, usikimbie, hiyo ndoo iweke chini taratibu. Niliombwa niandike ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Furaha ipo, nitaitoa. Lakini nina hasira pia, na sitaimeza eti kwa sababu leo kuna keki.

Kwa wasiowahi kufika Banda Namba Tatu, pale wanaishi saluki, mbwa wembamba wa mbio, wenye miguu mirefu na masikio ya manyoya laini kama nywele za mtoto. Mbwa wengine wote hapa kituoni ni walinzi au wanusaji. Saluki yeye huwinda kwa macho. Mababu zake waliishi na watu wa mahema jangwani, wakikimbiza paa na sungura, na walibebwa juu ya ngamia wasije wakaunguza nyayo kwenye mchanga wa moto. Usiku walilala ndani ya hema na wenye hema. Mzee Taratibu humsimulia kila mfanyakazi mpya habari hizi, atake asitake. Mimi nimezisikia mara tisa, na mara zote tisa ngamia alikuwa anazidi kuwa mrefu.

Saluki ana heshima zake. Hakurukii, hakulambi uso, na ukimwita anakutazama kwanza aone kama una jambo la maana. Ukimfokea, ananuna. Mwaka mmoja mzee aliteleza akaipigia kelele ndoo ya maji, ndoo jamani, si mtu wala mbwa! Mashauzi, jike la rangi ya asali ambalo alililea tangu halijafumbua macho, akageukia ukutani na kususa siku mbili. Mzee wetu aliingia bandani, akakaa chini, akamwomba radhi mbwa kwa sauti ya chini. Walinzi wa getini walicheka mpaka wakashika matumbo. Mashauzi akala.

Halafu kuna siku ile fundi wa mabomba alipoacha mlango wazi. Mashauzi aliona mfuko wa plastiki ukipeperuka ng'ambo ya uwanja wa mpira, na kabla hujasema lolote alishafika huko. Ndiyo maana saluki hafunguliwi kamba mahali pasipo na uzio: akiona kitu kinakwenda, masikio yanaziba. Wenzetu wa Banda Namba Moja walimkimbiza kwa filimbi na amri, na yeye akadhani ni mchezo. Mzee Taratibu alitembea mpaka katikati ya uwanja, akalala chali kwenye nyasi, akatulia. Dakika kumi hazikuisha, Mashauzi akaja mwenyewe kumkagua. Mzee akamvika ukanda bila hata kuinuka.

Na daktari wetu wa wanyama, ambaye sasa ni rafiki yake, anakubali mwenyewe kwamba mzee ndiye aliyemfunza tahadhari. Siku ya upasuaji wa kwanza alisimama mlangoni akakataa mbwa apimiwe dawa ya usingizi kwa kipimo cha mbwa mlinzi, kwa kuwa saluki hana mafuta mwilini na dawa humkaa muda mrefu. Daktari alikasirika, akaenda kusoma vitabu vyake, akarudi ameinamisha kichwa. Mpaka leo hakuna saluki wetu aliyeshindwa kuamka mezani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapochemka.

Miaka minane iliyopita tulipata mkuu mpya wa kituo, naye alikulia kwenye mbwa walinzi. Kwanza alileta fomu moja ya tathmini kwa mbwa wote, yenye safu ya kubweka. Saluki wote tisa walipata sifuri, na mtunzaji wao akatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini mbwa wake hawabweki. Hayo tuliyacheka. Kisha wakaja wageni, na mgeni mmoja akaziona mbavu za Mashauzi akashika mdomo. Mbwa mlinzi ukimwona mbavu, ana njaa. Saluki mwenye afya lazima mbavu za nyuma na mifupa ya nyonga vionekane. Ndivyo alivyoumbwa, na akinenepa miguu ile mirefu haimudu. Mzee alieleza. Alimshika mkuu mkono autie kwenye paja la mbwa asikie msuli. Mkuu akautoa mkono wake, akasema mbavu ni mbavu.

Jioni hiyo iliandikwa barua ya onyo: kuwanyima mbwa chakula. Aliyeipiga chapa ni mimi, karani wa masjala. Nilijua ni upuuzi, nikaipiga chapa, nikaigonga muhuri, nikaenda nyumbani.

Chakula kikaongezwa maradufu. Miezi miwili tu, saluki walikuwa kama mito ya sofa. Mwenzake Mashauzi, dume tuliyemwita Mshale, alikimbia mita mia mbili akavunjika kifundo cha mguu wa mbele, na hakukimbia tena. Daktari akaandika ripoti iliyosema wazi kwamba mtunzaji alikuwa sahihi. Chakula kikarudishwa kimyakimya. Barua haikurudishwa. Hakuna aliyemwita mzee akamwambia pole, tulikosea. Yeye aliendelea kuja saa kumi na mbili asubuhi, kuchana masikio, kukagua kucha, kugawa chakula mara mbili kwa siku na kumzuia kila mbwa asikimbie akishashiba, maana tumbo la mbwa mwenye kifua kirefu likijisokota linaua.

Mwezi uliopita Mashauzi alitimiza miaka kumi na moja. Utaratibu wetu ni kwamba mbwa mzee apate mtu wa kumchukua kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, la sivyo adungwe sindano ya mwisho. Mzee Taratibu aliomba. Hakuomba kingine chochote baada ya miaka thelathini na mmoja. Mkewe alishashona godoro, kwa kuwa ngozi ya saluki ni nyembamba na sakafu humtia vidonda, akalitandika sebuleni karibu na kiti cha mumewe.

Ombi likakataliwa. Sababu: mwombaji ana barua ya kuwanyima mbwa chakula.

Niliisoma mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro. Mtu aliyemlisha huyu mbwa kwa chupa! Niliingia kwa mkuu na ripoti ya daktari mkononi. Akasema waraka ukishaingia kwenye faili hautoki, na kwamba tusifukue makaburi. Nikamuuliza, je, basi la Mashauzi ndilo tulichimbe? Akaniambia nifunge mlango nikitoka. Nikafunga, na sikuufunga taratibu.

Basi nikaomba mimi. Wenzangu mnajua ninavyoogopa mbwa. Nazunguka nyuma ya jiko ili nisipite Banda Namba Moja. Sijui hata mbwa anashikwaje. Lakini faili langu ni safi, kwa hiyo nilikubaliwa kwa dakika ishirini, bila swali hata moja. Dakika ishirini! Kwenye nafasi ya mahali atakapoishi mbwa nilikuwa nimeandika nyumba ya Mzee Taratibu, kwa herufi kubwa. Hakuna aliyesoma. Sasa mmesoma wote, nakala mia mbili juu ya viti vya sherehe hii, na mkuu wetu anayo yake kwenye kiti cha mbele. Akitaka kubatilisha saini yake mwenyewe, asimame aseme mbele ya mama aliyeshona godoro.

Jana mchana nilifanya jambo moja zaidi. Niliandika barua fupi kwamba onyo lile lilikuwa la uongo, kwamba ripoti ya daktari inathibitisha, na kwamba mimi niliyelipiga chapa nilijua. Nimeipa namba, nimeigonga muhuri, nimeiweka juu kabisa. Imeshaingia kwenye faili.

Mzee wetu, shikamoo. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa mbwa uliotulelea na kwa vijana wote uliowafundisha kufunga mlango. Asante kwa kuvumilia watu wasiojua kazi wakikuandikia namna ya kufanya kazi. Mashauzi yuko getini na daktari, kamba ni yako. Ukapumzike vizuri, na siku zako zilizo mbele ziwe ndefu na tulivu, wewe na mama na huyo mwenye maringo.

Na kwa kuwa miaka minane imepita bila mtu hata mmoja kulisema neno hili, naanza mimi, na wanaopaswa kunifuata wanajijua. Nisamehe, mzee wangu. Nilijua, nikanyamaza.