Kidole Katikati ya Ukurasa

Treni ilipoondoka Igalula, Mzee Hamoud, mwenye duka Isevya mjini Tabora, alikuwa keshamsimulia jirani yake habari zote za mjukuu wake, bila kuulizwa. "Kiingereza tu ndicho kinachomshinda shuleni. Chuoni juzuu nzima ya Kurani anaisoma kama maji."

Jirani huyo, Batuli, alikuwa mwalimu wa kijiji cha ujamaa. "Huenda ameihifadhi kwa kusikia, mzee. Mwekee kidole katikati ya ukurasa, aanzie hapo. Akishindwa, tatizo si Kiingereza, ni kusoma kwenyewe, na hilo lina namna yake ya kufundishwa."

Hamoud akacheka. "Mwanangu, nani asomaye kwa kurukia katikati? Kwetu sote huanzia juu, hata mimi."

Batuli akamgeukia taratibu. "Hata wewe, mzee?"

Treni ikasimama Tabora, na Hamoud akawa wa kwanza kushuka.