Mama Ghali na Leseni Yake

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Mishomoroni na nyote mliofika, mimi ni Lavender Dama, binti wa kwanza wa marehemu, nimesimama kwa niaba ya baba yangu na ndugu yangu Bonface kuwasomea maisha ya mama yetu, Ruth Kahaso Kaingu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ghali, jina ambalo kamati ya mazishi iliniomba nilifiche leo, nami nimelitaja kabla sijamaliza salamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1974 huko Jibana, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kaingu na Mama Kadzo, wakulima wa nazi na mihogo, na nyumbani husimuliwa kwamba alizaliwa mchana wa jua la kukausha kisima, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipenda, akisema ndipo ugomvi wake na joto ulipoanza.

Alisoma shule ya msingi palepale Jibana kuanzia 1981 hadi 1988, kisha shule ya upili Kaloleni hadi 1992, akafaulu, lakini karo ya kuendelea haikupatikana, hivyo Januari 1993 akateremka Mombasa kwa shangazi yake Kisauni, akapata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Stoo ya mashuka ilipakana na chumba cha mitambo, naye kila akipata upenyo alisimama mlangoni akiwauliza mafundi hili na lile, mpaka wakamchoka, na mmoja wao akamwambia kwa kejeli kwamba kama anapenda mashine hivyo, basi na aende chuo. Alikwenda. Septemba 1996 aliingia chuo cha ufundi kusomea friji na viyoyozi, mwanamke peke yake darasani, akahitimu Novemba 1998.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na baba yetu, Phineas Tinga, mfanyakazi wa bandarini, katika kanisa moja la Chaani, na picha ipo hadi leo inayomwonyesha bibi harusi amepiga magoti nyuma ya friji ya soda, gauni limekunjwa hadi magotini, kwa sababu soda zilikuwa vuguvugu na yeye hakuweza kukaa kwenye kiti akatazamwa huku mashine inalia. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 2001 na Bonface mwaka 2004.

Kwa miaka kadhaa marehemu alifanya kazi ya kibarua chini ya wanakandarasi wa mjini, na hapa ndipo baba mdogo Gershom, mwenyekiti wa kamati, aliponisihi niruke ukurasa kwa ajili ya amani, nami namheshimu sana, lakini mama hakuwa mtu wa kurukwa. Ukweli ni kwamba siku hizo, na hata sasa, wapo wenye leseni ya ukandarasi wanaoikodisha kwa wasio nayo, jina linabandikwa langoni mwa jengo, mwenyewe yuko nyumbani anakunywa chai, na wanaopanda ngazi hawaijui hata sura yake. Tarehe 14 Agosti 2008, katika jengo la ghorofa nne Mkomani, mtambo wa nje wa kiyoyozi uling'oka ukutani kwa sababu bolti zilizonunuliwa zilikuwa fupi, ukamwangusha Mbwana, fundi mwenzake, ukamvunja nyonga na mguu. Walikimbilia langoni kusoma jina, wakampigia simu mwenye leseni, naye akasema jengo hilo halijui. Mama alimfikisha Mbwana hospitali kwa pikapu ya mboga, kisha akamfuata yule bwana hadi kwake, akakaribishwa kwa heshima zote, akaletewa soda, akaambiwa kwamba yeye alikodisha karatasi tu, mambo ya kuanguka hayakuwamo.

Soda ile hakuinywa. Alirudi nyumbani, akamwambia baba kwamba siku atakapopata leseni yake, jina litakaloandikwa langoni ndilo litakalokuwa juu ya ngazi, na kama halipo juu ya ngazi, basi na langoni lisiwepo.

Alihangaikia leseni hiyo zaidi ya miaka miwili, akafanya mitihani, akakaguliwa vifaa, akarudishwa kwa muhuri uliokosekana na kwa picha iliyokunjika, na katika kila dirisha akaulizwa mwenye kampuni ni nani, mumewe au kaka yake, mpaka akazoea kujibu kwamba mwenye kampuni ni huyu aliyesimama. Aliipata tarehe 22 Machi 2011, na Juni mwaka huohuo akafungua karakana yake Kisauni, kando ya barabara ya Malindi, na mtu wa kwanza kumwajiri alikuwa Mbwana, na mkongojo wake, kwa kazi moja kubwa, kushika ngazi. Hakuna aliyepanda, hata mama mwenyewe, mpaka Mbwana atamke kwamba ameishika.

Sasa nije kwenye jina. Ndiyo, alikuwa ghali. Wapo hapa waliomwacha wakaenda kwa fundi wa bei nafuu, wapo waliorudi msimu wa joto ulipoanza, na wapo ambao bado wamenuna. Mteja akilalamika, alimketisha na kumweleza kwamba ndani ya bei ile mna bolti ndefu, mna bima ya anayepanda, mna ada ya leseni inayolipwa kila mwaka, na mna yeye mwenyewe, ambaye kitu kikiharibika anajulikana alipo. Wale wanaozunguka mitaani wakisema gesi imeisha, wakaongeza, wakalipwa, na baada ya miezi michache wakaja kuongeza tena, aliwachukia waziwazi, maana gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jikoni, ikipungua imevuja, na kazi ya fundi ni kutafuta tundu. Wengi walitaka kuikodi leseni yake, wengine wakiwa watu wakubwa wenye majengo makubwa, naye aliwakatalia wote, akakosa kandarasi nyingi, na kuna miezi karakana ilikaa kimya, sisi tukamnung'unikia, wala hakutuomba radhi.

Juni 2023 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakagundua moyo umepanuka, akatibiwa na kulazwa mara kadhaa. Katika kulazwa kwake kwa mwisho kiyoyozi cha wodi kilikuwa hakipozi, akaja fundi, akatangaza kwamba gesi imeisha, na mama, mwenye mpira wa oksijeni puani, akainua kidole, na Mbwana, aliyekuwa amekuja kumwona, huapa wallahi kwamba yule kijana alianza kutafuta tundu kabla kidole hakijashuka. Mama alifariki tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono, na wodi ilikuwa na ubaridi mzuri.

Siku ya tatu ya matanga, mabwana watatu walikuja nyumbani, wakatupa pole, wakanywa chai, kisha wakamwita Bonface pembeni. Walimwambia kwamba leseni ya mama bado ina miezi, kwamba jina lake linaweza kuendelea kubandikwa kwenye majengo yao, kwamba karakana haitafungwa, na kwamba wafu hawadhuriki. Bonface bado yuko chuoni, hana leseni, na bila jina hilo karakana haina kazi, hilo tunalijua sote, na kuna usiku aliokaa akalifikiria, kwa sababu ile karakana ndiyo ulimwengu wake. Jana asubuhi alichukua ngazi, Mbwana akaishika, akalishusha bango la mama kwa mikono yake mwenyewe. Karakana imefungwa. Itafunguliwa siku Bonface atakapokuwa na leseni yenye jina la Bonface, na wateja wa mama mjiandae, kwa sababu naye atakuwa ghali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mama, majirani waliotupikia na kutubebea maji, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, kanisa letu, na baba mdogo Gershom, aliyechoka kwa ajili yetu na ambaye tutamwomba msamaha baada ya maziko. Tunawashukuru pia wale mabwana watatu, ambao nawaona wamekaa kule nyuma, na ili wasijisumbue tena, tunawaarifu kwamba leseni tumeiweka ndani ya jeneza, chini ya mikono ya mama, na anayeitaka amwombe mwenyewe.

Tukifika Jibana, Mbwana ameomba awe wa kwanza kushika kamba ya kuteremshia jeneza, nasi tumemkubalia. Kwa hiyo shuka taratibu, mama, usiogope, ngazi ameishika, ukapumzike kwa amani uliyoilipia bei yake yote.