Mama Eufrasia na Bega la Gharib

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Eufrasia, mtaalamu wa tiba ya viungo, tuliyemzika juzi hapa Kigoma. Mama Eufrasia, aliyetibu mabega kwa kuanzia mgongoni.

Gharib wa Ujiji anamjua. Ni mchukuzi wa magunia ya dagaa pale bandari ya Kibirizi. Miaka minne iliyopita bega lake la kulia lilikataa. Msikitini, wenzake walipoinua mikono kuanza sala, wake uliishia kifuani. Na mchukuzi asiyeinua mkono, nani atampa gunia?

Mama Eufrasia alimuuliza kwanza: ganzi je, kifua je, homa je? Kisha akamlaza kifudifudi, akabonyeza pingili za mgongo chini ya shingo, moja baada ya nyingine.

"Mama, samahani, bega liko huku!"

"Nimeliona, baba. Mlango ukikwama usigombane na kitasa tu, tazama na bawaba."

Gharib alijiona ametapeliwa. Lakini wiki ya tatu, mkono ulifika sikioni.

Akarudi Kibirizi, akarudia kosa lake. Wachukuzi wale hubeba kwa bega moja tu, kutoka botini hadi garini. Ukibadili njiani, utazomewa. Mwezi haukuisha, maumivu yakarejea.

Alipomrudia, Mama hakumfokea. "Mimi nakupa nusu. Nusu nyingine ni yako. Badili bega."

"Watanicheka, Mama."

"Wacheke. Kwani uzee wako watakubebea wao?"

Basi akabadili. "Bi harusi amechoka!" wakapiga kelele. Akabadili hivyo hivyo, na mpaka leo anabeba.

Binti wa Mama Eufrasia, Melania, alituambia: "Mama hakujua kujisifu. Wengine aliwaambia, hili si langu, nenda hospitali. Na aliwasindikiza."

Juzi, wasikilizaji wapendwa, Gharib alibeba jeneza la Mama Eufrasia, mbele, bega la kulia. Alikataa kupokewa. Katikati ya kilima akasimama.

"Ngojeni," akasema. "Nibadili bega."

Akahamia upande wa pili. Wachukuzi wenzake wa Kibirizi ndio waliobeba naye. Hakuna aliyecheka. Mmoja mmoja, nao wakabadili.

Mzee Martini, mume wa marehemu, Melania, na ndugu wote, poleni sana. Mungu ampumzishe Mama yetu.

Nasi tuliobaki tujiulize: ni mzigo gani tunaoung'ang'ania upande mmoja, tukiumia kimya, kwa kuogopa tu kuchekwa?